Hakuna Kilichoharibika

Fundi Waya aliingia ndani na viatu vyake vya kazi, akapita moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha wageni, akakaa. Mkewe, aliyekuwa kwenye cherehani akikunja pindo la sketi ya shule, aliziangalia nyayo za udongo kwenye sakafu aliyoipiga deki asubuhi ile, akameza neno lililokuwa mdomoni. Mume wake hakuwa mtu wa kuingia na viatu. Kulikuwa na jambo.

"Wamenifuta," alisema fundi.

"Wamekufuta wapi?"

"Kwenye bajeti. Kifungu cha matengenezo wamekitoa chote, na nafasi yangu imekwenda nacho. Madiwani wakipitisha Alhamisi, mwisho wa mwezi nakabidhi funguo. Za ofisi na za nyumba hii."

Mshonaji alilaza kiganja kwenye gurudumu la cherehani, likasimama. Nyumba ilikuwa ya halmashauri, na kila mtu mle ndani alilijua hilo, lakini walikuwa wamelijua kwa muda mrefu mno hata wakalisahau. "Kwa sababu gani?"

"Hakuna kilichoharibika."

"Unasemaje?"

"Ndiyo sababu yenyewe, mama watoto. Wameandika hivyo. Taarifa za hali ya majengo zinaonyesha hakuna kilichoharibika mwaka huu, wala mwaka jana, wala mwaka juzi. Sasa fundi wa nini?"

"Na hizo taarifa huandika nani?"

Fundi akainama kufungua kamba za viatu. Jibu lilitoka chumba cha pili, ambako mama yake, mwanamke wa umri mkubwa na ulimi usiozeeka, alikuwa amejinyoosha kwenye godoro lililotandikwa chini.

"Anaandika yeye!" alisema bibi. "Mwanangu huyo huyo, wa tumbo hili!"

Ilikuwa kweli. Mji ule ulikuwa na soko, zahanati, stendi, vyoo vya umma na ukumbi wa halmashauri, na hapakuwa na jengo hata moja kati ya hayo ambalo halijawahi kumlaza Fundi Waya chali sakafuni na bisibisi mdomoni. Kila alipoomba vifaa aliambiwa asubiri. Kusubiri hakuweza. Kitu kikiharibika mbele ya macho yake aliona kama ametukanwa yeye, basi alirudi nyumbani, akatupa macho huku na huku, akabeba. Waya wao wa kuanikia nguo ulikwenda kushikilia spika ukumbini. Bati la jiko lao lilikwenda kuziba paa la ukumbi huo huo, na tangu hapo mkewe akipika mvua ikinyesha hushika mwiko mkono mmoja na mwavuli mkono wa pili. Kandambili za binti yao zilikatwakatwa zikawa mipira ya mabomba ya sokoni. Na boriti ya jukwaa wanalokalia madiwani ilipovunjika, fundi aling'oa ubao wa ubavuni wa kitanda cha mama yake mzazi, akamwambia, "Mama, vumilia mpaka wiki ijayo." Wiki hiyo haijafika mpaka leo.

Kazi ikiisha, alijaza taarifa. Paa: zima. Spika: nzima. Jukwaa: zima. Kuandika "bovu" aliona ni kukiri kwamba kitu kimemshinda, na fundi gani anakubali kushindwa kwa maandishi? Watu wakimwambia mtaani, "Fundi, bila wewe mji huu ungekuwa gofu," alivimba kichwa siku nzima. Inatia hasira, mtu kufukuzwa kazi kwa ushahidi wa bidii yake mwenyewe. Lakini ndivyo mambo yalivyokuwa, na kalamu ilikuwa mkononi mwake.

*

Asubuhi alikwenda kumwona mweka hazina. Karani alimwambia akae kwenye benchi, bosi ana wageni. Fundi alikaa, akawa anamsikia bosi nyuma ya mlango akicheka peke yake kwenye simu. Watu wenye mafaili walifika baada yake wakaingia kabla yake. Kila mmoja alimwambia, "Vipi fundi, kuna nini kimeharibika humu?" kisha akapita bila kungoja jibu.

Alipoitwa hatimaye, mweka hazina alimpokea kwa bashasha ya kumtia mtu shaka. Alikuwa mwanaume nadhifu, mwenye sauti ya chini inayomlazimisha msikilizaji kuinama.

"Fundi wetu! Umekuja wakati mzuri. Hebu niangalizie hii droo, inakwama tangu juzi."

Fundi Waya alikuja na maneno aliyoyapanga njia nzima. Lakini droo ilikuwa pale, imekwama upande, na mikono yake ilikuwa imeshaondoka bila ruhusa yake. Akaivuta, akapapasa mfukoni, akatoa kipande cha sabuni, akasugua reli. Droo ikateleza.

"Unaona?" alisema mweka hazina, akiifungua na kuifunga. "Nzima! Ndiyo maana nasema, mji huu hauna tatizo la matengenezo. Tatizo letu ni sura. Mgeni akiingia hajui kama ameingia. Tunajenga lango kubwa, pale barabara inapoanzia, lenye taa. Hela ya kifungu chako inakwenda huko."

"Mzee, vile vitu ni vizima kwa sababu nilikuwa naviwekea vitu vyangu. Vya nyumbani kwangu."

"Nani alikutuma?"

Kwa kweli hakuna aliyemtuma.

"Halafu," mweka hazina alisema, sauti ikazidi kushuka, "ukisema vilikuwa vibovu, basi ulidanganya kwenye taarifa rasmi, na sahihi yako iko chini. Hilo ni kosa la nidhamu. Ukisimama Alhamisi ukasema maneno hayo mbele ya watu, hata mafao yako yataingia matatani. Mimi nakushauri kama ndugu. Funga mlango taratibu ukitoka, bawaba zake zinalia."

Hazikuwa zinalia. Fundi alizitia mafuta mwenyewe mwezi uliopita. Alitoka akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na alipofika barabarani ndipo alipogundua kwamba ameshukuru.

*

"Ukashukuru?" alisema mshonaji.

"Ilitoka tu."

"Ukamtengenezea droo, akakufukuza, ukashukuru."

Walikuwa wamekaa kwenye kibaraza, chakula kikipoa. Binti yao, aliyekuwa kidato cha pili na mwenye kuona haya kwa kila kitu kilichotendwa na wazazi wake, alijitia kusoma. Bibi aliegemea ukuta, miguu mbele.

"Sasa Alhamisi hatuwezi kusema kitu," fundi alisema. "Nikifungua mdomo, nimejishitaki."

Mkewe aliinuka, akaingia ndani. Alisimama katikati ya chumba chao cha kulala akakitazama kwa jicho la mtu aliyekuja kupanga. Dirisha lilikuwa limefunikwa kanga kuukuu, kwa sababu mapazia yake ya kijani, aliyoyashona mwenyewe kabla hajajifungua binti huyu, yalikuwa yananing'inia ukumbini. Walikuja wageni, halmashauri haikuwa na mapazia, mume wake akasema ni ya siku moja. Alipita jikoni, akatazama mbingu pale bati lilipokuwa. Aliporudi kibarazani alikuwa anapumua kwa nguvu.

"Wewe ulisaini," alimwambia mumewe. "Mimi sikusaini popote."

"Maana yake nini?"

"Maana yake nataka mapazia yangu."

"Na mimi kitanda changu," alidakia bibi, haraka kama aliyekuwa akiingoja zamu yake tangu mwaka juzi. "Na mto wangu. Usidhani sijui ule mto uko wapi. Umekaliwa na mwenyekiti wa madiwani."

"Mama, tafadhali. Mama watoto, sikiliza. Mkianza kuchomoa vitu mji huu utasimama. Pale zahanati..."

"Nani ametaja zahanati?" Mshonaji alimkata. "Nikatoe mpira wa bomba wanawake wakajifungue bila maji? Mimi si mwendawazimu. Sokoni sigusi. Chooni sigusi. Nakwenda pale wanapokaa wao, siku waliyokaa, nachukua changu, natoka."

"Mtaniaibisha."

"Aibu gani imebaki, baba watoto? Mama yako mzazi analala chini. Mimi napika na mwavuli. Mwisho wa mwezi tutakuwa barabarani na masufuria. Hebu niambie, hiyo aibu mpya tutaiweka wapi, maana hapa ndani hapana nafasi."

Binti akafunga daftari. "Mama, wenzangu wa shule watakuwepo. Mwalimu wa uraia ametuambia twende tukaone bajeti inavyopitishwa."

"Vizuri sana. Watatusaidia kubeba."

Fundi alisema yeye hatakwenda. Alilisema mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyembishia, jambo ambalo lilimuumiza kuliko kubishiwa.

Alhamisi, wenzake walipokuwa wakijitayarisha, alijiondokea akaenda sokoni. Bomba la upande wa mboga lilikuwa likitiririka. Akachutama, akalikaza, maji yakakoma. Muuza nyanya aliyekuwa jirani alimwambia, "Ubarikiwe fundi, bila wewe sijui tungekuwaje," kisha akageukia mteja wake. Fundi alibaki amechutama. Maneno yale alikuwa akiyala kwa miaka kama mshahara wa pili, na leo kwa mara ya kwanza aliyasikia jinsi yalivyo. Yalikuwa maneno tu. Muuza nyanya hakuwa na kosa, alishukuru kama mtu mwenye adabu, lakini shukrani yake haikuwa na nyumba ndani yake wala kitanda. Fundi alisimama, magoti yakalia, akaelekea ukumbini.

*

Ukumbi wa halmashauri ulitazama magharibi, na kikao kilianza mchana, jua likiwa limeanza kuyapiga mapazia ya madirishani. Madiwani walikuwa juu ya jukwaa nyuma ya meza ndefu, mwenyekiti katikati. Alikuwa mtu mnene, mpenda sherehe, asiye mbaya ila mvivu wa kuuliza. Wananchi walijaa kwenye mabenchi chini. Wanafunzi wenye sare walisimama ukutani. Mweka hazina alisoma makadirio kwenye maikrofoni kwa ile sauti yake ya chini, na spika iliyoning'inia juu ikaikuza mpaka ikawa sauti ya mtu anayejua zaidi ya wote.

Alisoma kuhusu lango. Alisoma kwamba mji umepiga hatua, kwani majengo yote ya umma yako katika hali nzuri, hakuna kilichoharibika, na hivyo kifungu cha matengenezo kimeondolewa ili kuepuka matumizi yasiyo ya lazima. Madiwani wawili watatu walipiga makofi.

"Maoni ya wananchi," alisema mwenyekiti. "Kwa ufupi, jamani, tuna mambo mengi."

Mshona viatu wa stendi alisimama. "Mimi nauliza kuhusu lango. Litakuwa linafungwa? Maana mimi natokea upande huo, nisije nikalala nje." Watu wakacheka, mwenyekiti naye akacheka, na swali likapita bila kujibiwa.

Ndipo mshonaji aliponyoosha mkono. Alikuwa amevaa gauni lake la kwenda kwenye shughuli za watu, na kando yake kulikuwa na toroli la kazi la mumewe, tupu.

"Ndiyo mama, maoni yako."

"Sina maoni, mheshimiwa. Nimekuja kuchukua vitu vyangu."

"Vitu gani?"

"Hivi." Akaenda dirishani, akapanda kwenye benchi, akachomoa fimbo ya pazia. Kitambaa cha kijani kilianguka mikononi mwake. Jua likaingia lote kwa pamoja na kuwapiga madiwani usoni, wote wakakunja nyuso na kuinua makaratasi kama watu wanaotishiwa ngumi. Akaenda dirisha la pili.

"Mama, hayo ni mapazia ya halmashauri!" alisema mweka hazina.

"Nimeyashona mimi. Kwenye pindo kuna doa la mafuta ya cherehani yangu. Njoo ulione."

Watu walianza kunong'ona. Wakati macho yote yako dirishani, bibi alikuwa amepanda ngazi za jukwaa polepole, mkono kwenye kiuno, akapita nyuma ya viti mpaka alipofika katikati. Mwenyekiti alipomwona mwanamke wa umri ule amesimama ubavuni mwake, malezi yalimtangulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Inuka kidogo."

Akainuka. Mtu analelewa hivyo, akiambiwa na mzee inuka, anainuka. Bibi akavuta mto kwenye kiti, akaukung'uta mara mbili, vumbi likapaa juani.

"Ahsante. Umekalia mto wangu kwa muda mrefu, nami shingo inanikatika kila asubuhi. Sasa kaa."

Mwenyekiti akakaa kwenye ubao mtupu, na uso wake ulionyesha kwamba ameuhisi. Kicheko kilichotoka kwenye mabenchi hakikuwa kile cha mshona viatu. Hiki kilikuwa na meno.

"Mlinzi!" alifoka mweka hazina. "Watoe hawa!"

Mlinzi alipiga hatua moja, akasimama. "Nimkamate na nini, mzee? Na mto?"

Huku ukutani binti alikuwa amesimama, uso umemwiva kwa haya. Alimtazama mama yake juu ya benchi, mikono imejaa pazia, hana msaidizi. Kisha akavua viatu vyake vya shule, akamwambia mwenzake, "Nishikie," akapanda juu ya meza ya pembeni. Alifungua waya wa kuanikia nguo, fundo baada ya fundo, na wenzake wanne wakaipokea spika chini na kuilaza sakafuni kwa uangalifu wote. Kebo ikachomoka. Mweka hazina alikuwa katikati ya neno "polisi," na neno lile likafika kwenye benchi la kwanza tu.

Hapo ndipo alipomwona Fundi Waya mlangoni.

"Fundi!" aliita, safari hii kwa sauti yake halisi, nyembamba. "Njoo umwambie mkeo arudishe vitu hivyo mara moja. Kumbuka tulivyozungumza."

Watu wote wakageukia mlangoni. Fundi akavua kofia, akapita katikati ya mabenchi. Mshonaji alishuka kutoka kwenye benchi, mapazia kifuani, na kwa mara ya kwanza siku ile akaogopa. Hakuogopa mlinzi wala polisi. Aliogopa kwamba mume wake atasema "rudisha," na kwamba yeye, mbele ya watu wote wale, atarudisha, kwa sababu hajawahi kumvunjia heshima hadharani. Fundi alimpita. Hakumtazama. Alifika mbele ya jukwaa.

"Waheshimiwa," alisema, "naomba mshuke."

"Tushuke kwa nini?" aliuliza mwenyekiti.

"Chini ya hapo mlipo kuna ubao wa kitanda cha mama yangu. Ndio uliowabeba. Nataka kuutoa, na sitaki mtu aumie."

Madiwani walitazamana, kisha wakatazama mbao chini ya viatu vyao. Wa kwanza kushuka alikuwa mkubwa kuliko wote kwa mwili. Wengine wakafuata kwa kusukumana, mmoja ameshika viatu mkononi, mwingine amekumbatia chupa ya maji. Fundi aliinama, akaingia chini ya jukwaa. Nyundo ikasikika, mara moja, mara mbili, halafu mlio mrefu wa mbao zinazolegea. Jukwaa lilibonyea katikati, meza ndefu ikainamisha kichwa, na makaratasi ya makadirio yakateleza yote mpaka sakafuni. Fundi akatoka kwa magoti, vumbi kichwani, ubao wa mama yake begani.

"Uharibifu wa mali ya umma!" alisema mweka hazina, akimnyooshea fundi kidole. "Wananchi ni mashahidi!"

"Kitanda cha bibi nacho ni mali ya umma?" aliuliza mshona viatu.

"Aliandika mwenyewe kwamba jukwaa ni zima! Sahihi yake ninayo! Alidanganya taarifa ya serikali!"

"Nilidanganya," alisema fundi. Akauweka ubao vizuri begani. "Nilidanganya, ni kweli. Nilificha ubovu wenu kwa vitu vya mke wangu na vya mama yangu na vya mwanangu, halafu nikaandika 'zima' nikajiona mwanaume. Niandikieni barua ya kosa hilo, nitaipokea hapa hapa. Lakini muandike na nilichokificha."

Mkewe alihisi machozi yakimlenga na akakasirika nayo, kwa sababu hakuwa na mkono wa kuyafuta. Alisogea mpaka akasimama bega kwa bega na mumewe, akamkabili mweka hazina.

"Bosi, mimi sijasoma bajeti. Nina swali moja. Humu ndani vitu vilikuwa vibovu, au havikuwa vibovu?"

Mweka hazina alifungua mdomo.

"Maana kama havikuwa vibovu," aliendelea, "basi mume wangu hakuweka kitu, na mimi sijachukua kitu. Rudini mkakae juu, muendelee. Na kama vilikuwa vibovu, turudishieni kifungu chetu. Moja kati ya hayo. Chagua wewe, mwenye elimu."

Hakuna aliyecheka. Wote walimtazama mweka hazina, naye akalitazama jukwaa lililobonyea, akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa amekinga macho kwa kiganja, jua limemkaba, jasho likimchuruzika shingoni. Alikuwa mvivu wa kuuliza lakini hakuwa mjinga.

"Mweka hazina, umeulizwa."

"Mheshimiwa, suala hili ni la kiutaratibu..."

"Lilikuwa bovu au halikuwa bovu?"

"Lilikuwa... linahitaji marekebisho madogo."

Ukumbi mzima ulipiga kelele. Diwani wa sokoni, mwanamke mwenye sauti isiyohitaji spika, alipanda juu ya benchi. "Natoa hoja! Kifungu cha matengenezo kirudi, na nafasi ya fundi irudi, na hela itoke kwenye lango! Wanaokubali wanyooshe mikono, na wanyooshe juu, watu wawaone!"

Walikuwa wamezoea kupiga kura kule juu, wakinong'onezana nyuma ya meza. Sasa walikuwa wamesimama sakafuni, bega kwa bega na watu waliowachagua, na kila mkono uliochelewa ulikuwa na jirani anayeutazama. Mmoja alinyoosha. Mwingine akanyoosha. Diwani wa upande wa stendi aliangalia dari mpaka mshona viatu alipomwambia kwa upole, "Mheshimiwa, mkono wako umelala." Ukaamka. Mwenyekiti alinyoosha wa mwisho, na mweka hazina, aliyepiga magoti kuokota makaratasi yake, akalazimika kuandika kifungu kile kwa kalamu, pembeni mwa ukurasa, huku diwani wa sokoni amemsimamia kichwani.

"Haya," alisema mwenyekiti, akijifuta jasho kwa leso, "yamekwisha. Fundi, umesikia mwenyewe. Sasa turudishie huo ubao, tumalizie kikao."

Mikono ya Fundi Waya ilitaka kwenda. Mkewe aliiona ikitaka. Jukwaa lilikuwa pale limeinama, na kulinyanyua ni kazi ya dakika chache tu. Fundi akaushika ubao kwa nguvu zaidi.

"Hapana, mheshimiwa. Kifungu kimerudi. Nunueni ubao. Ukifika nitaufunga, na nitaufunga vizuri."

"Na leo sisi tukae wapi?"

"Mabenchi yapo."

Watu wakasogeana. Muuza mkaa mmoja alimpakata mtoto wake ili mwenyekiti apate pa kukaa, na yule diwani mkubwa wa mwili akabanwa kati ya wanafunzi wawili. Mweka hazina alisimama mbele peke yake, akaanza kusoma kifungu kinachofuata kwa ile sauti yake ya kuinamisha watu. Hakuna aliyeinama.

"Sauti!" walipiga kelele nyuma. "Huku hatusikii!"

Akapandisha. "Sauti!" wakasema tena, na akasoma hivyo, akipayuka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kifungu kwa kifungu, na baada ya kila kimoja mtu aliinuka kuuliza hela hiyo inakwenda wapi. Kikao ambacho kila mwaka kilikwisha kabla chai haijapoa kiliendelea mpaka jua lilipotoka madirishani.

Familia ile haikungoja mwisho. Bati la jiko lilibaki juu ya paa, kwa sababu fundi alikataa katakata kupanda watu wakiwa chini, na mkewe akasema basi, hilo atalifuata Jumamosi na risiti atawaandikia yeye. Walipanga vitu kwenye toroli: mapazia, waya, mto. Bibi alikataa kusaidiwa ngazi za nje. Binti alisukuma toroli akiwa peku, viatu vyake mkononi mwa mwenzake, na ile haya yake yote ilikuwa imemwisha, au alikuwa ameisahau kwa leo.

Mweka hazina aliwawahi mlangoni, sauti imemkauka. Alimshika fundi kiwiko, akamsogelea sikio kwa mazoea yake.

"Usidhani mmeshinda. Hii ni ya mwaka huu tu. Mwakani kuna bajeti nyingine, fundi."

Fundi Waya alihamisha ubao kutoka bega la kulia kwenda la kushoto ili amwone vizuri.

"Mwakani nipo," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la nyuma.